Bibi Aliyestaafu na Swali la Eksirei

(Hotuba iliyotolewa na muuguzi katika sherehe yetu ya Uhuru)



Niliombwa niseme machache kuhusu afya. Leo presha na kisukari tuvipumzishe. Nataka kumzungumzia bibi mmoja aliyefanya kazi katika mji wetu huu.

Aliitwa Alice Stewart, daktari aliyezaliwa Sheffield mwaka 1906. Miaka ya 1950, akiwa Oxford, alitaka kujua kwa nini watoto wanakufa kwa saratani. Akaamua kuwauliza watu ambao hakuna aliyekuwa akiwauliza, yaani mama zao. Waliofiwa na wale ambao watoto wao ni wazima waliulizwa maswali yale yale. Ikaonekana kwamba waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito karibu mara mbili kuliko wenzao. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1956, TANU ikiwa na miaka miwili tu. Madaktari wengi walimbishia kwa miaka mingi.

Mwaka 1974 akastaafu. Kwetu tungesema, bibi sasa akae barazani aletewe chai. Yeye akahamia Chuo Kikuu cha Birmingham, akaanza upya. Kisha aliitwa Marekani kuchunguza kumbukumbu za wafanyakazi wa Hanford, mahali palipotengenezwa plutoniamu ya bomu la Nagasaki. Wafanyakazi wale walivaa beji za kupimia mionzi. Alice na wenzake walisema saratani ilijitokeza hata kwa watu waliopata mionzi chini ya kiwango kilichoruhusiwa. Wakubwa hawakufurahi, na wapo wanasayansi waliozipinga hesabu zake. Hakunyamaza. Aliendelea na utafiti akiwa amepita miaka 80, na alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 95.

Sasa niwaambie kwa nini namkumbuka.

Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Uingereza, niliteleza kwenye barafu nikaumia nyonga. Shemeji yangu akanipeleka hospitali. Kabla ya eksirei niliulizwa, yeye akiwa amesimama pale pale, kama huenda nina ujauzito. Nikaona haya. Nikasema hapana, harakaharaka. Wiki mbili baadaye nikajua kwamba nilikuwa nao.

Daktari alinieleza kuwa dozi za siku hizi ni ndogo na hatari yake ni ndogo sana. Hata hivyo, miezi ile sikulala vizuri. Namshukuru Mungu, mtoto mwenyewe ndiye yule pale anayewagawia soda. Lakini mimi, niliyesoma darasani sababu ya swali lile, nililijibu kwa aibu. Je, dada aliyefika juzi kutoka Tanga au Kigoma, anayetafsiriwa na kaka wa mumewe?

Kwa hiyo nina maombi matatu. Dada zangu, mkiulizwa, semeni kweli. Na kama hamna hakika, semeni hamna hakika. Msikatae eksirei inayohitajika, maana inaokoa maisha. Ulizeni tu ni ya nini. Kaka zangu, swali hilo likija, tokeni nje. Hospitali ina wakalimani. Mgonjwa ana haki ya kumwomba mmoja.

La tatu ni kwa wazee wetu mliostaafu kwenye mabasi, viwandani na wodini. Mnaijua nchi hii kuliko sisi. Wasindikizeni hao wageni kliniki. Mama mtu mzima akikaa pembeni ya binti, binti husema yale ambayo hawezi kuyasema mbele ya shemeji.

Tarehe 9 Disemba 1961 tulipata haki ya kujisemea kama nchi. Tusiiache mlangoni mwa chumba cha eksirei.