Tulivyopanda Mlima Elgon na Majirani Zetu

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akiba na vya vijana, Bumula)



Tumeombwa tuwaeleze ile safari ya Mlima Elgon, maana maneno mengi yamezunguka sokoni. Wengine wanasema ati tulikwenda kutalii kwa pesa za kikundi. La. Kila mtu alilipa kiingilio chake, na matatu tuliikodi kwa mchango wetu wenyewe. Hilo tulimalize kwanza.

Mlima huu, ambao Wabukusu tunauita Masaba, tunauona kutoka hapa asubuhi isiyo na mawingu. Baadhi ya maji ya mto Nzoia yanatoka huko. Lakini ukiuliza ni wangapi kati yetu wamewahi kuukanyaga, mikono itakayoinuka ni michache sana. Umbali si sababu. Sababu tunaijua sote, hata kama hatupendi kuitaja mbele ya wageni.

Vijana mliozaliwa juzi mwelewe. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulikuwa wa miaka mingi, tangu watu walipohamishwa kutoka Chepkitale. Mwaka 2006 likatokea kundi lenye silaha, SLDF. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwezi wa Julai mwaka huo kwamba kundi lile liliua watu zaidi ya 600, na kwamba jeshi nalo lilikamata maelfu na kutesa mamia. Wengi waliokimbia waliteremka huku mabondeni. Baadhi yao hawakurudi tena, tunaishi nao, watoto wao ndio nyinyi.

Basi, tulikwenda Januari, wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha barabara ya huko haipitiki vizuri. Tuliondoka saa kumi alfajiri, tukapitia Bungoma na Webuye. Kamukuywa tukawachukua wenzetu, akina mama Wasabaot waliotoka upande wa Kapsokwony. Hawa tunajuana nao kwenye soko la Chwele. Wao huleta viazi na vitunguu, sisi karanga na viazi vitamu. Miaka yote hiyo tumepimiana debe na kukopeshana chenji, lakini hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwa mwenzake. Ndani ya matatu, mpaka Kitale, wao walikaa nyuma na sisi mbele. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kutoka Kitale unapitia Endebess hadi lango la Chorlim. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1968 na upande wa Kenya ina kilomita za mraba 169. Kilele cha Koitoboss kina mita 4,222, na Wagagai kilichoko Uganda, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, mita 4,321. Hatukufika huko, tusidanganyane. Mtu anayetoka Bumula na kurudi siku hiyohiyo anatosheka na msitu, mapango, na ule mwamba wa Endebess. Tulitembea na askari wa wanyama mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati.

Miti ya podo kule ni mikubwa hata watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Mbega wanaruka juu yako kama nguo nyeupe na nyeusi zilizopeperushwa. Baridi nayo ilituonyesha. Waliodharau sweta waliomba leso za akina mama. Kukhu mmoja wetu, mwenye viatu vya raba, aliwaacha vijana wa mpira wakihema nyuma, na alihakikisha wamejua hivyo.

Kwenye pango la Kitum tulikaa sana. Linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Ndovu huingia mle gizani usiku, wakachimba ukuta kwa pembe zao na kula mawe yenye chumvi. Alama za pembe unaziona. Sisi wa Bumula tulidhani ni hadithi ya kulaza watoto. Mama mmoja Msabaot akatuambia kwamba mababu zao Wakony walikaa kwenye mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao. Tuliishia mdomoni mwa pango, hatukuingia kwenye popo. Watu wawili waliougua Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea pango hilo. Ukienda, tazama, usiguse.

Sasa tuseme lile hasa lililotuleta hapa. Kuna mama wa kikundi chetu aliyekimbia upande wa Cheptais mwaka 2007 akiwa na watoto watatu. Tumemwita kwenye semina za amani mara nyingi. Anakuja, anakunywa soda, hasemi neno. Siku ile njia ilikuwa nyembamba, watu wakatembea wawili wawili kadiri ya pumzi zao, na yeye akajikuta na mama mmoja wa Kapsokwony ambaye mumewe alichukuliwa na wanajeshi mwaka 2008, na hajaonekana hadi leo. Hatukusikia yote. Tulisikia mmoja akiuliza, "Nyinyi mlilala wapi usiku ule?" na mwingine akijibu, "Kwenye mahindi." Halafu wakaendelea kupanda.

Sisi tuliosomea kazi hii tulifundishwa kupanga viti kwa duara ili watu watazamane. Inafaa kwa mambo mengi. Lakini mwenye uchungu kama huu hataki kutazamwa usoni. Njiani kila mtu anatazama pale atakapokanyaga, na akikosa neno anasingizia kupumua. Kwa maoni yetu saa zile nne zilifanya kazi kuliko semina zetu zote, na bei yake ilikuwa ndogo.

Juu ya mwamba wa Endebess tulikula chapati na mayai, wao wakatoa mursik. Unaona mashamba ya Trans Nzoia hadi yanakoishia kwenye ukungu. Kukhu alitafuta Bumula, hakuiona, iko upande mwingine wa mlima. Akalalamika mpaka tukateremka. Kurudi Kamukuywa, viti vya matatu vilikuwa vimechanganyika.

Mwezi wa nane ni zamu yao kuja kwetu, wakati wa kuvuna karanga. Watakuja kumi na mmoja na watalala usiku mmoja. Yule mama wa Cheptais ameandikisha kulaza wawili. Wengine watatu wamepata mahali; bado sita. Mwenye nafasi amwone katibu leo kabla hatujatawanyika, na mwenye godoro la ziada pia, maana blanketi zipo.