Kinachoamuliwa Chini ya Kioo: Skana na Uaminifu wa Nyaraka



Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alikuta jambo la ajabu katika ramani ya nyumba iliyoskaniwa kwa mashine ya ofisi ya Xerox. Vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa na meta za mraba 14.13, ingawa kwa macho tu ulijua kipi kikubwa na kipi kidogo. Wino haukuwa umefifia. Tarakimu zilikuwa safi kabisa, na zilikuwa za uongo. Ili faili liwe dogo, mashine ilitafuta alama zinazofanana ukurasani, ikahifadhi moja na kuirudia mahali pa zile nyingine. Katika nyaraka nyingine, 6 iligeuka 8 kwa mtindo huohuo.

Sisi tunaotunza nyaraka tumezoea kusema kwamba skana inatoa kopi. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba skana hupima mwanga, kisha huamua, na kila aina ina tabia yake ya kuamua. Zile za hospitali zinazozungusha miale kando ya mwili, na zile za kaunta ya supamaketi, naziacha. Zinastahili mhadhara wake.

Tabia hiyo ya kuamua ni ya tangu mwanzo. Mwaka 1957, katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake walifunga picha ya mwanawe mchanga, Walden, kwenye silinda inayozunguka. Kihisi kikawa kinasoma mwanga nukta baada ya nukta na kuipa kompyuta jibu moja kati ya mawili: hapa peupe, au hapa peusi. Picha yenyewe, sentimita 5 kila upande, iligawanywa nukta 176 kwa 176. Majibu mawili hayatoshi kuchora shavu la mtoto, kwa hiyo waliiskani tena na tena, kila mara wakisogeza mpaka wa weupe na weusi, kisha wakaunganisha matokeo wakapata kijivu. Mpaka huo bado umo ndani ya mashine zetu. Karani akichagua “nyeusi na nyeupe” ili apate faili jepesi, muhuri wa bluu uliochakaa unaweza kuangukia upande wa weupe, na hati ikabaki kana kwamba haikupigwa muhuri kamwe.

Silinda ya Kirsch iliendelea kuishi katika nyumba za uchapaji, ikisifika kwa kusoma sehemu za giza za filamu. Kwa hati kuukuu haifai: huwezi kuviringisha karatasi inayomeguka.

Skana tunayoijua wengi ni ile bapa. Chini ya kioo taa inasogea taratibu. Mwanga unagonga karatasi na kurudi, vioo vinauelekeza kwenye lenzi, na lenzi inaukusanya juu ya kihisi chembamba chenye safu za nyekundu, kijani na bluu. Kihisi hicho, CCD, kilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell na Willard Boyle na George Smith, waliopewa Nobel ya fizikia mwaka 2009. Skana nyembamba za siku hizi, zinazopata umeme kwa waya wa USB tu, hazina vioo wala lenzi kubwa. Zina kihisi chenye upana wa ukurasa mzima kinachopita chini kabisa ya kioo, huku vitaa vya rangi tatu vikiwaka kwa zamu. Ni nafuu na hazili umeme mwingi. Tatizo lake ni kwamba hazioni mbali: ukurasa ukiinuka milimita chache tu, herufi zinavurugika. Ziwekee kitabu kinene, na maneno yaliyo karibu na mshono yatapotea ukunguni. Ile ya vioo inavumilia zaidi, ndiyo maana nikiulizwa na wenye maktaba huwa napendekeza ile nzito, hata mhasibu akinung’unika.

Ipo pia ya kulishia karatasi, ambayo kihisi kinatulia na karatasi ndiyo inayopita kwa magurudumu ya mpira. Kwa mafaili ya ofisi ni mkombozi. Lakini chembe moja ya vumbi juu ya kihisi itachora mstari kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa unaofuata. Wenye steshenari wanalijua hili kuliko wengi wetu: wanafuta kioo kwanza.

Sasa chukueni hati kama zile za msikiti wa Riyadha, Lamu, ambazo zimekwisha kuwekwa katika mfumo wa kidijitali. Kitabu cha namna hiyo hakilazwi kifudifudi kikagandamizwa. Kinalazwa chali juu ya kitanda chenye umbo la V, kikafunguliwa kwa kiasi mgongo wake unachokubali, na kamera au kihisi kikasoma kutoka juu, kwa taa zisizotoa joto. Kazi inakwenda polepole, na mkono wa mtu ndio unaofunua kurasa. Sioni njia ya mkato.

Kuhusu nukta kwa inchi, msidanganywe na tarakimu za kwenye boksi. Nyingi huhesabu nukta ambazo programu imezibuni katikati ya zile zilizopimwa kweli. Ulizeni idadi ya nukta ambazo kihisi chenyewe hupima. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli kama milioni 8.7, na kwa rangi kamili bila kubanwa ni megabaiti 26 hivi. Pandeni hadi 600, uzito unakuwa mara nne. Kwa barua iliyopigwa chapa, 300 zinatosha. Kwa khati ndogo ya pambizoni, nitalipia 600.

Faili la kwanza lihifadhiwe kama TIFF, bila kubanwa kwa namna inayopoteza kitu. La kutuma kwa barua pepe litengenezwe kutokana na hilo. Pembeni ya hati iwekwe rula na kadi ya rangi, ziskaniwe pamoja nayo. Msomaji wa baadaye hatakuwa na karatasi mkononi, na bila vitu hivyo viwili hatakuwa na njia ya kujua kama umanjano anaouona ni wa karatasi au wa taa yetu.