HOTUBA KWA WANACHAMA: NAMBA ZA PICHA YA MIMBA



Nimeombwa niseme habari ya bili za hospitali, na hasa za picha ya mimba, yaani ultrasaundi. Wengi wanauliza kwa nini bima hukataa kulipa, na mzigo ukamrudia mwenye mshahara.

Ndugu, sisi wa reli twajua kazi ya lebo. Behewa likibandikwa lebo ya Kisumu litakwenda Kisumu, hata kama mzigo ni wa Nakuru. Bili nayo ni hivyo hivyo. Karani wa bima hamwoni mama. Huona namba tu. Namba hizo zatoka katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Orodha ya 10 ilikubaliwa mwaka 1990, na ya 11 ilianza kutumika 2022. Namba zao hazifanani, basi ulizeni hospitali inatumia ipi. Nitakazotaja ni za orodha ya 10.

Mimba isiyo na shida ni Z34. Mimba ya hatari ni Z35. Uchunguzi wa kawaida wa mtoto tumboni ni Z36. Kukiwa na shida, namba huanza kwa herufi O, wala si sifuri: kutoka damu miezi ya mwanzo ni O20, pacha ni O30, mtoto asiyekua sawasawa ni O36.5, kondo la nyuma kuziba njia ni O44.

Tuseme mama ametoka damu, akapigwa picha, mtoto akaonekana mzima. Karani akiandika Z34, bima itauliza: mimba nzima, picha ya pili ya nini? Sababu iliyompeleka mama ndiyo iandikwe.

Lakini tusikubali kuandikiwa ugonjwa usiokuwako ili bima ilipe. Huo ni udanganyifu, tena una hatari. Mkunga akisoma O44 atafikiri habari ya kupasuliwa.

Basi kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni: Je, daktari ameandika sababu? Namba yapatana nayo? Wiki za mimba zimeandikwa? Na bima ikikataa, usilipe kwa haraka. Mletee katibu wa tawi bili pamoja na nakala ya barua ya daktari, tuombe isahihishwe.