Mgao wa serikali ukija, shosho atakatwa pesa za wazee?

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi pale Jeevanjee. Nimewaandikia waliokosa. Kama kawaida yetu hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama.

Kuna ahadi hairuki kampeni. Mtu anashika maiki anasema: serikali ina hisa kwenye makampuni, inapata faida, basi hiyo faida itumwe kwa simu ya kila mwananchi. Tunapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Halafu nikapanda matatu kwenda Kangemi kumsalimia shosho. Ana miaka 74, anapokea 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Nikamweleza hiyo habari. Akaniuliza: "Na hiyo ikikuja, hawatanikata hii yangu?"

Sikuwa na jibu. Nimeenda nikasoma, sasa sikizeni.

Kwanza, faida ipo? Ipo. Mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, shilingi 5 kila hisa, ikabaki na asilimia 35. Mgao wa hisa za serikali huingia Hazina Kuu na kutumika pamoja na ushuru. Haugawiwi mtu mmoja mmoja.

Pili, msaada hukatwa vipi? Tangu 2018, mwenye miaka 70 na zaidi anaweza kuingia Inua Jamii, bora tu asiwe anapokea pensheni. Sasa chukua wazee wawili Kawangware, majirani. Mmoja hana pensheni, anapata 2,000. Mwingine tuseme ana pensheni ya 1,500. Huyo wa pili anafungiwa nje, anabaki na 500 pungufu ya jirani yake. Yaani kupewa kidogo kumemnyima kikubwa.

Rudi kwa mgao. Tuseme kila Mkenya apewe 12,000 kwa mwaka, na sheria iuhesabu mgao kama pensheni. Shosho anapata 12,000, anapoteza 24,000. Tajiri wa Lavington hapotezi kitu, anaongeza tu 12,000 juu ya zake. Na si wazee pekee. Kwa msaada wa mayatima na wa watu wenye ulemavu mkali, kinachoangaliwa ni umaskini wa nyumba. Pesa yoyote mpya inaweza kubadilisha hesabu hiyo.

Si hadithi za kubuni. Jimbo la Alaska, Marekani, limegawia wakaazi wake mgao wa mfuko wa mafuta tangu 1982. Mwaka huo wa kwanza kila mtu alipata dola 1,000. Shida ni kwamba mgao unaweza kuhesabiwa kama mapato, na maskini akapoteza msaada wa chakula au wa ulemavu. Kwa hivyo jimbo likaweka sheria: ukipoteza msaada kwa sababu ya mgao, jimbo linakufidia. Hawakuachia bahati, waliandika.

Wengine mtaniambia, si afadhali kidogo kwa wote kuliko msaada kwa wachache? Inaweza kuwa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Mgao wa wote hauwezi kuchukua nafasi ya wajibu huo kimyakimya.

Kwa hivyo mwanasiasa akija na mgao, kabla ya makofi muulize mambo matatu. Je, mgao utahesabiwa kama mapato? Atakayepoteza msaada atafidiwa na nani? Na hayo yameandikwa kwenye mswada, au ni ya jukwaani tu?

Jibu langu kwa shosho ni hili: sheria ikinyamaza, unaweza kukatwa. Ikiandikwa vizuri, hukatwi. Akacheka, akasema, "Basi waandike kwanza, ndio nipige makofi."

Maswali leteni hapa chini.