Kuondoka Forodhani



Leo twafikiri habari za mtu mzima atakaye kuiacha kazi yake aende kuwa mwalimu. Huenda ni dereva wa watalii hapa Voi, au karani wa shamba la mkonge kule Mwatate. Umri umepita miaka 40, ana watoto shuleni, na jamaa zake wauliza, "Baba huyu amepatwa na nini?"

Katika Mathayo sura ya 9 twasoma habari za mtoza ushuru aliyeondoka forodhani. Petro na wenzake walikuwa wavuvi. Nyavu zilibaki, na katika Yohana sura ya 21 twawaona tena ziwani. Lakini kiti cha forodha hakimngojei mtu. Kwa hiyo tusidhani Mathayo aliacha kitu kidogo.

Basi na tuhesabu gharama, kama yule mjenga mnara. Mwenye miaka 42 akiingia chuo kusomea diploma ya miaka 3, atatoka ana 45. Sharti asajiliwe na TSC, tume ya walimu iliyoundwa mwaka 1967. Mwalimu wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, imebaki 15. Tena si hakika kwamba ataandikwa mara moja. Wengi hungoja, au huanza kwa posho ya mwalimu mwanagenzi. Ada nani atalipa? Mama watoto ameambiwa? Twasema wazi: mume ajazaye fomu ya chuo kwa siri hajaitwa na Mungu, anaikimbia nyumba yake tu.

Wako pia waliochoshwa na kazi zao, wadhanio darasani ni mahali pa kupumzika. Hao na wakae siku moja tu na watoto 50 wa gredi ya 4! Naye Yakobo, sura ya 3, aonya kwamba hukumu ya walimu ni nzito.

Hata hivyo miaka iliyopita haitupwi. Mathayo alizoea kalamu na hesabu, na kwa kalamu hiyo, kama Kanisa lilivyopokea tangu kale, tuna mafundisho ya mlimani. Mtoto wa Kasighau akifundishwa desimali na fundi aliyepima boliti miaka 20, hatazisahau upesi.

Ila mwenye mvi ataketi benchi moja na vijana wa umri wa wanawe. Mmishenari Wray alipofika Sagalla mwaka 1883, ilimbidi kujifunza lugha ya wenyeji, yeye aliyekuja kufundisha.

Aliye na neno hili moyoni asiandike barua ya kuacha kazi juma hili. Kwanza amwombe mchungaji wake darasa la Shule ya Jumapili, watoto wadogo kabisa, kwa muhula mzima. Kisha aketi na mkewe, au mumewe, wafungue pamoja daftari la matumizi ya nyumba.