Igawa, Wageni na Maji ya Usangu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya hoja iliyomo katika ajenda ya mkutano huu, yaani kwamba Chama chetu kinunue kiwanja pale Igawa na kujenga nyumba ya wageni, ili watalii waendao kuona wanyama na maua wapate mahali pa kulala, nasi tupate chochote cha kuisaidia shule. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu kazi yangu serikalini ni ya mipango, na kwa sababu nimezaliwa Usangu. Lakini leo nasema kama mwanafunzi wa zamani, si kwa niaba ya ofisi yangu. Nitayagawa maneno yangu katika mafungu manne: tunacho nini, mgeni anataka nini, habari ya maji, na habari ya watu.

Tunacho nini?

Msafiri wa basi la Mbeya au Tunduma huijua Igawa kwa dakika chache tu. Huona daraja la mto Mbarali, huona mchele unauzwa kando ya barabara, kisha basi laondoka. Hajui kwamba amepita katikati ya utajiri mkubwa.

Kusini ya barabara imesimama safu ya milima ya Kipengere. Huko liko Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere, lililoanzishwa mwaka 2002 hasa kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji, nalo lina maporomoko ambayo wengi wetu tuliozaliwa chini yake hatujapata kuyaona. Nyuma ya safu hiyo kuna uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ni hifadhi ya kwanza nchini kuanzishwa hasa kwa sababu ya maua yake. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, na ndani yake zimehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Wakati wa mvua nchi yote ya juu hugeuka rangi. Moja ya sababu za kuilinda ni kwamba viazi vya okidi hizo vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda.

Katika misitu ya Rungwe na Livingstone, jirani na Kitulo, yumo kipunji. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2003 na kumtangaza ulimwenguni mwaka 2005. Lakini hawakumpata kwa bahati tu: walisikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa huko, na hata jina analoitwa ni la wenyeji. Vijana, likumbukeni hilo. Elimu ya chuo ilifika msituni ikakuta elimu nyingine imetangulia.

Kaskazini ya barabara limelala bonde la Usangu, na mbele yake Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu pamoja na Ihefu viliunganishwa nayo, ikazidi kilomita za mraba 20,000. Kwa miaka kadhaa ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini, mpaka ile ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019. Humo kuna simba wengi, tembo, mbwa mwitu, viboko na mamba. Kuna palahala na korongo (namtaja mnyama, si ndege), na kuna tandala mkubwa na tandala mdogo katika nchi moja, jambo lisiloonekana kila mahali. Ndege wamehesabiwa zaidi ya aina 500.

Basi, ndugu zangu, hatuna upungufu wa vitu vya kumwonyesha mgeni.

Mgeni anataka nini?

Wengi hufikiri kwamba mtalii anataka kitanda kizuri na picha ya simba. Ni kweli, lakini si yote. Kuna wageni ambao wamekwisha kuona simba kaskazini, tena wakiwa katika msururu wa magari. Hao wakija kusini wanatafuta utulivu. Wanataka kutembea kwa miguu wakiwa na askari mwenye bunduki na mtu awezaye kusoma nyayo. Wanataka kupanda Kipengere asubuhi, kulala hemani, kuhesabu ndege, kula wali wa Usangu uliopikwa na mama wa hapa hapa, na kusimuliwa habari za Mtemi Merere na za Mkwawa na mtu anayezifahamu.

Angalieni Arusha. Mji ule haukufanywa mji wa safari na hoteli peke yake. Ulifanywa na mafundi wanaoweza kuirudisha barabarani gari iliyovunjika springi, wapishi wanaoweza kupika porini, madereva wanaojua lugha mbili au tatu, wakulima wa mboga, washona mahema, na waongoza watalii waliokaa kazini miaka 20. Hoteli ilikuja juu ya watu hao. Ukianza na hoteli bila watu hao, utapata jengo zuri lenye vumbi.

Tena yafaa tuseme kweli juu ya njia. Mlango uliozoeleka wa Ruaha uko upande wa Iringa, kiasi cha kilomita 130 kutoka mjini. Upande huo vijiji vya Idodi na Pawaga vimeshiriki katika uhifadhi kwa miaka mingi kupitia MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Wameanza mbele yetu. Hatuna haja ya kuwaonea wivu. Tuna haja ya kwenda kuwauliza ni nini kilichowafaa na nini kilichowashinda.

Habari ya maji

Sasa nafika kwenye fungu ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine.

Mto Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe huteremka kutoka nchi za juu na kumwaga maji katika bonde la Usangu. Maji hayo hukusanyika Ihefu. Ihefu ni kama bakuli. Mdomo wa bakuli uko N'giriama, mahali penye mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, hutoka, na Ruaha Mkuu hutiririka kupita hifadhini mpaka Mtera na Kidatu, kisha huingia katika Rufiji. Maji yakishuka chini ya mwamba, hata kwa shibiri moja, hakuna kinachotoka. Bakuli laweza kuwa na maji mengi bado, lakini mto ng'ambo ya mwamba umekatika.

Zamani mto huo ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko hujazana katika madimbwi machache yenye matope, samaki hufa, na wanyama wengine hutoka nje ya hifadhi kutafuta maji, wakakutana na mashamba yetu. Mwaka 2001 Serikali yetu iliahidi mbele ya mataifa kwamba maji yatarudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika na kupita, na mto uliendelea kukatika.

Sababu ni nini? Kwa muda mrefu lawama ziliangukia ng'ombe. Watafiti waliofanya kazi Usangu kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni maji yanayochepushwa mashambani wakati wa kiangazi, wakati mito yenyewe ina maji kidogo. Mpunga wa masika hauleti shida kubwa, kwani wakati huo maji ni mengi. Shida ni banio linaloachwa wazi baada ya mavuno, maji yakaenda kulowesha majaruba yasiyo na kitu; na shida ni vitalu vinavyowahishwa mwezi wa Septemba na Oktoba ili mchele wa kwanza upate bei.

Ndugu zangu, nawatazama humu ukumbini, na najua wengi wetu tuna mashamba kule. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa mpunga, tangu shule hii mpaka Chuo Kikuu. Sitasimama hapa nikaulaani. Mpunga unalisha miji yetu, na si haki kumwambia mkulima wa ekari moja afe njaa ili kiboko aoge. Lakini mwenye ekari moja ndiye anayesikia maneno hayo kila siku katika mikutano ya kijiji. Sisi wenye ekari 20 na 30, tunaoishi mjini na kumwachia msimamizi shamba, nani anatuambia? Basi nasema mimi, kwa kuwa ni ndugu yenu. Hatuwezi kuomba wageni waje kuutazama mto, huku mkono mwingine unaukata mto huo huo.

Habari ya watu

Wageni na wanyama haviji bila mipaka, na mipaka huwagusa watu. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na wengine wakahamia mpaka Lindi na Pwani. Mwaka 2008 mpaka mpya wa Ruaha uliviacha vijiji kadhaa katika mashaka ya miaka mingi: je, tulime, tujenge, au tusubiri? Mwaka 2023 mipaka ilibadilishwa tena. Wakati huo ulikuwapo mradi wa kukuza utalii wa kusini uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wa dola za Marekani milioni 150, ulioidhinishwa mwaka 2017 na uliohusu Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Wananchi wa Usangu walipeleka malalamiko juu ya namna walivyotendewa. Mwezi Aprili 2024 Benki ilisimamisha utoaji wa fedha, na mwezi Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Mimi ni mtumishi, na si kazi yangu kutoa hukumu juu ya kesi hizo hapa. Ila kuna fundisho ambalo kila mtu wa mipango hapana budi alishike: utalii ambao mwenyeji anauona kama adui hausimami, hata ukiwa na dola milioni 150. Mwanakijiji ambaye tembo amemla mahindi anahesabu kwanza mahindi yake. Kifuta jasho kipo kisheria tangu mwaka 2011, lakini neno lenyewe linasema kweli: kinafuta jasho, hakirudishi shamba. Mtu huyo akiona kwamba mwanawe ameajiriwa kuongoza wageni, na nyanya zake zinanunuliwa na kambi, ataanza kumtazama tembo kwa jicho jingine. Tulikwisha kuona gharama ya kinyume chake: kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa nchi hii walipungua kutoka kama 110,000 hadi kama 43,000, na Ruaha ni mahali pamoja palipoumizwa sana. Majangili hawafanikiwi kijijini bila mtu wa kuwaonyesha njia.

Ninachopendekeza

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu usipitishe hoja ya kiwanja mwaka huu. Siipingi daima, nasema tuiweke nyuma ya mambo matatu.

La kwanza, fedha zilizokusanywa kwa kiwanja ziwasomeshe vijana wetu waliomaliza hapa. Kuna Mweka, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963, na kuna Pasiansi. Na kwa askari wa wanyamapori wa vijiji kuna Likuyu Sekamaganga. Tukiwa na vijana sita waliosoma, tutakuwa na mwanzo wa mji wa wageni hata kabla ya tofali la kwanza.

La pili, kila mwanachama mwenye shamba Usangu aandike jina lake katika daftari nitakaloliacha mezani kwa Katibu, akiahidi kufunga banio lake mara mavuno yanapokwisha na kutowahisha vitalu kabla ya wakati uliokubaliwa na chama cha watumiaji maji cha mto wake. Jina langu ni la kwanza. Mwakani daftari lisomwe hapa hapa, mbele ya vijana hawa.

La tatu, klabu ya Malihai ya shule ifufuliwe. Klabu hizi zilianza nchini mwaka 1980, na zamani ya kwetu ilikuwa hai. Nashauri kazi yake ya kwanza isiwe kuimba nyimbo za kukaribisha wageni. Iwe kupima maji. Wanafunzi wawili, kila juma, wasome kina cha mto kwenye kipimo, waandike tarehe na sentimita. Kazi hiyo haina fahari, lakini baada ya miaka mitano tutakuwa na karatasi inayosema kama mto unapona au unakufa, wala hapatakuwa na haja ya kubishana.

Vijana, wengi wenu mnatamani kuondoka, nami sitawazuia. Mimi pia niliondoka. Lakini mjifunze majina ya vitu vya kwenu kabla ya kuondoka: majina ya ndege, ya miti, ya mito na ya watu walioishi kando yake. Mgeni akikuuliza hilo ni jani gani, ukajibu kwa Kisangu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, tayari unayo kazi.

Na sisi wakubwa, tukitoka hapa tutakula wali. Ni wa Usangu, nimeuona jikoni. Kabla ya kwenda mezani, daftari liko kwa Katibu, na kalamu iko juu yake.