Askari Mgeni na Mahakama ya The Hague



Nimeulizwa: Marekani haimo katika Mkataba wa Roma wa 1998, askari wake atashtakiwaje na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai? Jibu limo katika kifungu cha 12. Mahakama haitazami uraia wa mtuhumiwa peke yake, bali hutazama pia mahali uhalifu ulipotendeka. Afghanistan ilijiunga mwaka 2003. Basi aliyemtesa mfungwa huko baada ya hapo, awe ametoka nchi yoyote, yumo katika mamlaka ya Mahakama, ikiwa nchi yake haikumchunguza kwa dhati. Mgeni akiiba kijijini kwetu hatumwulizi sheria za kwao.

Lakini sheria ni jambo moja, nguvu ni jingine. Machi 2020 majaji wa rufani waliruhusu uchunguzi uliowagusa pia Wamarekani. Septemba mwaka ule ule Marekani ikamwekea vikwazo Mwendesha Mashtaka, Bibi Fatou Bensouda wa Gambia. Vikwazo viliondolewa Aprili 2021. Hata hivyo, Septemba 2021 mrithi wake, Bwana Karim Khan, alitangaza kwamba, kwa uchache wa nyenzo, angeshughulikia kwanza makosa ya Taliban na ya Dola la Kiislamu. Nyenzo! Waliodai kuteswa na Wamarekani wakaachwa wakingoja.